Kura, Upatu na Bahati Nasibu: Somo kwa Walimu na Wazee wa Kanisa



Wazee wa usharika mmoja wa pwani wameleta swali, nalo ni swali la haki, si la mzaha. Kuta za kanisa lao zimesimama, lakini paa hakuna, na michango yaenda polepole. Mmoja wao akatoa shauri kwamba zichapishwe tiketi za bahati nasibu, ziuzwe kwa washarika na kwa majirani. Atakayebahatika apewe zawadi ya fedha, na faida iwe ya mabati. Wengine walikubali, wengine walikataa, wala hawakupatana. Basi wanauliza: Je, jambo hili lafaa?

Swali hili si la wazee wale tu. Hapa Chumbageni, na katika mitaa yote ya Tanga, kijana hana haja ya kwenda mbali kutafuta mchezo wa kubahatisha. Mchezo umo katika simu yake, mfukoni mwake, usiku na mchana. Kwa hiyo yatupasa kulijua jambo hili tangu asili yake, tupate kujibu kwa akili, wala si kwa hasira.

1. Maneno yenyewe

Lugha yetu ina maneno manne yanayokaribiana, nayo yatusaidia kupambanua. Kura ni neno la Kiarabu, maana yake ni kuamua jambo kwa kitu kitokeacho bila mtu kukichagua. Nasibu nalo ni la Kiarabu, maana yake ya kwanza ni fungu, yaani sehemu iliyo haki ya mtu. Bahati limetoka Uajemi, nalo lasema habari za heri impatayo mtu. Kamari ni mchezo wa kuwekeana mali, mmoja apate kwa kukosa mwenzake. Majirani zetu Waislamu walikatazwa kamari katika dini yao tangu zamani, na wazee wa pwani hawakumhesabu mcheza kamari kuwa mtu wa kuaminiwa kwa amana.

Angalieni basi: tukisema "bahati nasibu" twatamka maneno mawili mazuri, heri na fungu. Lakini yatupasa kuuliza kama kitu chenyewe ni kura au ni kamari.

2. Kura ya kugawa

Kura peke yake si uovu. Katika kitabu cha Yoshua, sura ya 18, nchi iligawanywa kwa makabila kwa kura, asiwepo wa kunung'unika kwamba amepunjwa. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 1, Mathiya alipata nafasi iliyoachwa na Yuda kwa njia ya kura. Ndugu zetu Wamoravian wana habari kama hiyo: mwaka 1467, katika kijiji cha Lhotka, baba zao waliwachagua wahudumu wao wa kwanza kwa kura.

Hata nyumbani kwetu kura ya namna hii twaijua. Itazameni upatu wa akina mama. Wanawake kumi wanapatana, kila mmoja atoe shilingi 10,000 kila juma. Kila juma mmoja wao apokea shilingi 100,000. Nani atangulie? Hapo hupiga kura. Yule wa kwanza hufurahi, na yule wa mwisho hungoja. Lakini majuma kumi yakiisha, kila mmoja ametoa 100,000 na kila mmoja amepata 100,000. Kura imeamua zamu tu. Haikumnyima mtu kilicho chake. Sisemi habari za upatu wa udanganyifu, ambao watu wasiojuana hutoa fedha wakiahidiwa faida kubwa. Huo ni wizi uliovaa jina la upatu. Nasema habari za upatu wa kweli, wa majirani wanaojuana.

Sasa fikirini askari waliopiga kura chini ya msalaba, kama tusomavyo katika Injili ya Yohana, sura ya 19. Wao nao walipiga kura tu. Lakini walipigia kura vazi la mtu mwingine, naye yu uchi mbele yao. Tendo la mkono ni lile lile la Yoshua. Tofauti imo katika kile kilichopigiwa kura. Kimetoka kwa nani? Nani amebaki bila kitu ili mwingine apate? Likumbukeni swali hili, maana ndilo kipimo cha somo letu lote.

3. Jinsi kura ilivyogeuka biashara

Katika mji wa Genoa, nchi ya Italia, ilikuwako desturi ya kuwachagua baadhi ya wakuu wa mji kwa kura: majina yalitiwa chomboni, na matano yakatolewa. Ilikuwa kura ya kugawa kazi, kama zamu ya kuchota maji. Lakini watu wa mjini walianza kuwekeana fedha juu ya majina yatakayotoka. Baadaye majina yakaachwa, zikawekwa namba toka 1 hata 90, na mchezo ukaenea nchi nyingi kwa jina la loto. Hivi ndivyo kura ya kugawa ilivyogeuka kuwa kamari: watazamaji walitia fedha zao kati.

Katika nchi za Uholanzi na Ubelgiji za leo, miji iliuza tiketi tangu karne ya 15. Kumbukumbu za mji wa Sluis za mwaka 1445 zataja bahati nasibu ya kujenga kuta za mji. Katika Uingereza, Malkia Elizabeth wa Kwanza alitangaza bahati nasibu mwaka 1567 kwa kutengeneza bandari za nchi. Zilitolewa tiketi 400,000, bei ya kila moja shilingi 10 za Kiingereza, fedha ambazo mtu maskini hakuweza kuzipata kwa urahisi. Tiketi hazikununuliwa zote, na kura ikapigwa mwaka 1569. Hata nyumba mashuhuri ya mambo ya kale katika London, iitwayo British Museum, ilianzishwa mwaka 1753 kwa fedha za bahati nasibu. Lakini serikali ile ile, baada ya kuona madhara na udanganyifu wa wauzaji, iliifunga bahati nasibu yake mwaka 1826, wala haikuirudisha hata mwaka 1994. Katika Marekani, jimbo la New Hampshire lilianzisha yake mwaka 1964, kwa kusaidia shule.

Mwaona desturi moja katika habari hizi zote: kuta, bandari, vitabu, shule. Kila mara mlango wa kuingilia umepambwa kwa kazi njema.

4. Bahati nasibu na nchi zetu

Msidhani kwamba mambo haya yalikuwa ya Ulaya tu. Mwaka 1891, katika Ujerumani, ziliuzwa tiketi za bahati nasibu iliyoitwa ya kupinga utumwa. Fedha zilikusudiwa kuzuia biashara ya watumwa katika Afrika Mashariki. Kwa fedha hizo ilijengwa meli iitwayo Hermann von Wissmann. Ilisafirishwa vipande vipande, ikaungwa, ikatiwa majini katika Ziwa Nyasa mwaka 1893.

Wanunuzi wengi wa tiketi zile bila shaka walikuwa na nia njema. Lakini tazameni mwisho wake. Meli iliyonunuliwa kwa jina la watumwa iliingia katika utumishi wa serikali ya Kijerumani, iliyokuwa ikiitawala nchi kwa nguvu. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza, mwezi wa Agosti 1914, meli ya Kiingereza iitwayo Gwendolen iliishambulia huko Liuli na kuiharibu isiweze kwenda.

Jambo gani twajifunza hapa? Atoaye sadaka huuliza: Fedha yangu imefanya kazi gani? Anunuaye tiketi huuliza: Nani ameshinda? Jicho lake li juu ya zawadi, si juu ya kazi. Kwa hiyo mchango wa bahati nasibu ni mchango usio na mlinzi.

Baada ya uhuru, nchi zetu ziliweka sheria zake. Kenya ilitunga sheria ya michezo ya kubahatisha mwaka 1966. Tanzania ilikuwa na Bahati Nasibu ya Taifa katika miaka ya 1970, na mwaka 2003 ikatungwa sheria mpya iliyoweka Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Mtoto aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Mwaka 2025 Bahati Nasibu ya Taifa ilianzishwa upya katika Tanzania.

Lakini mabadiliko makubwa yaliletwa na simu. Fedha za simu zilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Zamani mtu alimwendea muuza tiketi, akangoja siku ya kura. Katikati alipata nafasi ya kufikiri, na mke wake alipata nafasi ya kumwuliza. Sasa aweza kutoa fedha na kukosa mara ishirini kabla ya chai ya asubuhi. Vijana hubashiri matokeo ya mpira, hukusanya mechi nyingi katika karatasi moja wanayoiita mkeka. Mechi moja ikienda kinyume, husema mkeka umechanika. Serikali zenyewe zimeona hatari. Mwaka 2019 Kenya ilisimamisha leseni za makampuni 27 ya kubeti, na mwaka ule ule Rais Museveni wa Uganda aliagiza makampuni mapya yasipewe leseni.

5. Kwa nini yavuta mioyo?

Mwalimu asiyeelewa kwa nini mtu hucheza hatamsaidia. Msiseme upesi kwamba ni uvivu. Wengi wachezao ni watu wa kazi ngumu: makuli, madereva wa pikipiki, akina mama wauza samaki.

Kwanza, wanatafuta njia. Kijana akitaka mtaji, ataulizwa dhamana; akitaka kazi, ataulizwa cheti na ujuzi. Bahati nasibu haimwulizi neno. Ndiyo mlango pekee anaouona wazi mbele yake, na kwa shilingi 500 aweza kulala usiku mmoja akiwaza nyumba ya mabati. Hakununua fedha, amenunua ndoto ya usiku mmoja.

Pili, wengi wameona kwamba jasho halileti mali kwa mwenye jasho. Sisi watu wa Tanga twalijua hili sana. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf alileta miche ya katani kutoka Florida. Iliyotumwa ilikuwa 1,000. Iliyopona ni 62 tu. Kutokana na miche hiyo 62 yalitokea mashamba yaliyojaza bonde la Pangani, na katani ikasafirishwa duniani kote. Lakini waliokata majani yake ni manamba, watu walioitwa kwa namba, waliofanya kazi ya kipande cha siku 30 kwa mshahara mdogo. Utajiri ulikua mbele ya macho yao, wala haukuwa wao. Mtu aliyerithi habari hii kwa babu yake, ukimwambia tu "fanya kazi utatajirika", atakucheka. Yatupasa kumpa neno zito zaidi.

Tatu, mshindi huonekana, aliyekosa haonekani. Picha ya mshindi hubandikwa ukutani, naye ameshika hundi, anacheka. Hakuna abandikaye picha za maelfu waliomlipa. Wahenga walisema: Bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi. Heri ile imemfikia mwenzio. Wewe ukiacha mlango wazi ukiingoja, atakayeingia ni mwizi.

Nne, kukosa kidogo huonekana kama kukaribia kupata. Mtu husema: "Nilikosa mechi moja tu!" Naye arudi kesho kwa nguvu mpya. Lakini aliyekosa moja na aliyekosa zote wamekwenda nyumbani na mikono mitupu sawasawa. Mpira wa kesho haujui kwamba jana ulikukosesha.

6. Hesabu

Walimu, msiogope kuleta hesabu mbele ya watu. Hesabu haina matusi, wala haimhukumu mtu.

Ukitakiwa kuchagua namba sita katika 49, kuna njia 13,983,816 za kuzichagua, na ni moja tu ishindayo. Mtu akinunua tiketi moja kila siku bila kukosa, itampasa kuendelea miaka zaidi ya 38,000 kabla ya kununua tiketi nyingi kama zile njia. Na mkeka je? Tuseme katika kila mechi una nafasi moja kati ya mbili ya kupatia. Mechi mbili, ni moja kati ya nne. Mechi tatu, ni moja kati ya nane. Mechi kumi, ni moja kati ya 1,024. Tena malipo hupangwa na mwenye mchezo, naye hujiwekea fungu lake kwanza.

Sasa tuihesabu bahati nasibu ya wale wazee. Tuseme wanauza tiketi 1,000, kila moja shilingi 1,000. Zitakusanywa shilingi 1,000,000. Zawadi iwe 400,000. Uchapaji na gharama nyingine 100,000. Zabaki 500,000 za mabati. Wataona ni faida. Lakini fedha zile zimetoka wapi? Zimetoka katika mifuko ya washarika na majirani wao. Mtaa umetoa milioni moja ili kanisa lipate nusu yake. Washarika 200 wakitoa shilingi 2,500 kila mmoja, paa lapata 500,000 zile zile, na nusu milioni nyingine yabaki katika nyumba zao, kwa unga na ada za shule.

7. Jibu

Basi kwa wazee waliouliza nasema wazi: Msifanye. Sababu zangu ni tatu.

Ya kwanza ni hiyo hesabu. Ya pili ni kwamba tiketi hununuliwa zaidi na mwenye shida zaidi. Mwenye duka atanunua moja kwa adabu. Mjane mwenye deni atanunua tano kwa matumaini. Mtapaua kanisa kwa shida yake. Katekisimo yatufundisha kwamba amri ya saba haiwahusu wavunja milango tu. Yatudai pia tumsaidie jirani kuitunza mali yake. Ya tatu ni kwamba mtawafundisha watu kutoa kwa kutazamia zawadi, na siku isiyo na zawadi hawatatoa. Mtapata paa, mtapoteza sadaka.

Lakini kukataza peke yake si kazi ya mchungaji. Tumieni kura ya kugawa badala ya kura ya kunyang'anya. Gawanyeni kazi ya paa katika mafungu, kwa kadiri ya jumuiya zenu. Pigeni kura mbele ya watu wote, jumuiya ipi ianze mwezi huu, ipi ifuate. Kila moja ilete mabati yake kwa zamu, na hesabu isomwe kanisani kila mwezi, kila mtu aone fedha yake imefanya kazi gani. Hapo furaha ya kura itakuwapo, na hakuna atakayelia.

Na kwa vijana wetu wanaocheza, msiwaaibishe mbele ya watu. Aibu humfanya mtu ajifiche, na simu ni mahali pazuri pa kujificha. Mwulize kijana kwa upole: Una deni? Fedha uliyotoa ilikuwa ya nani? Nani nyumbani ajua? Akikiri kwamba amenaswa, mshaurini ampe mtu mwaminifu, mke au mama au ndugu, fedha zake azitunze kwa muda. Tena mwingizeni katika chama cha akiba, hata kama ni cha shilingi 1,000 kwa juma. Huko atapewa kile alichokitafuta kwenye mkeka: mkopo usiodai cheti, na siku ya kutazamia. Haba na haba hujaza kibaba. Hata miche 62 ilijaza bonde. Lakini safari hii kibaba kiwe chake mwenyewe, si cha bwana shamba.

Kama kijana asema, "Mchungaji, wewe wanikataza tumaini langu," mwambieni kwamba hatukatazi tumaini. Twauliza tu nani alilipie. Fungu ambalo jirani alilie ili mimi nicheke, hilo si nasibu yangu.

Maswali ya kuzungumza katika mkutano wa walimu

1. Kura ya Yoshua na kura ya askari zilifanana kwa nini, na zilitofautiana kwa nini?
2. Katika mtaa wenu, ni upatu gani au chama gani cha akiba kinachoaminiwa? Vijana wameingizwa humo, au wameachwa nje?
3. Fanyeni hesabu: mtu akitoa shilingi 500 kila siku kwa michezo ya kubahatisha, ametoa kiasi gani kwa mwaka? Fedha hiyo ingenunua nini nyumbani kwake?
4. Usharika wenu wapata michango kwa njia gani? Je, washarika huelezwa fedha zao zimefanya kazi gani?